Usukani wa Mwalimu Tecla

Gari lile nilikuwa nikilifahamu kabla halijaingia gerejini kwangu. Hapa Lusahunga yanayopita ni malori ya kwenda na kutoka Rusumo, mabasi, na magari ya miradi yenye vumbi mpaka kwenye vioo. Sasa katikati ya hayo yote, kila Jumamosi asubuhi, kilipita kigari cha bluu cha milango miwili, kimeinama chini utadhani kinanusa lami, kikikata kona ya njiapanda kuelekea Biharamulo. Jioni kinarudi. Madereva wa malori walikipigia honi kwa utani. Mimi niliweka spana chini nikakitazama mpaka kipotee. Miaka kumi na tisa nafunga springi za malori, na fundi naye ana macho.

Dereva wake sikuwahi kumtazama vizuri. Nilijua tu kwamba ni mwanamke.

Kwa hiyo lilipoingia gerejini Jumanne moja ya mwezi wa pili likiendeshwa na mwanamume, nilishangaa kidogo. Alishuka bwana wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi vizuri, kitambulisho kinaning'inia shingoni.

"Wewe ndiye Venance?"

"Ndiye mimi."

"Nimeambiwa kutoka Nyakanazi mpaka Benaco hakuna fundi kama wewe."

Nilijua ananilainisha. Hata hivyo maneno yaliingia, na yalikaa. Alijitaja kwa jina la Projestus, wakala wa forodha pale mpakani Rusumo, nyumbani kwake Benaco. Akaniambia niketi naye ndani ya gari, akatoa simu, akanionyesha video za Wajapani wanaotoa pawa kwenye magari madogo kama lile.

Pawa, kwa asiyekaa gereji, ni ile pampu inayozungushwa na mkanda wa injini na kusukuma mafuta kwenye mtambo wa usukani, ili dereva azungushe kwa mkono mwepesi. Ukiitoa, mkono wa dereva unabaki peke yake na magurudumu.

"Nataka niisikie barabara," alisema Projestus. "Usukani huu ni kama kukoroga uji. Nazungusha, hauniambii kitu. Gari dogo la michezo namna hii halihitaji kubembelezwa."

Nilimwelewa. Lori nililojifunzia udereva, la misheni kule Rulenge, halikuwa na pawa, na mpaka leo nakumbuka jinsi viganja vilivyokuwa vinajua changarawe na lami kabla macho hayajaona. Nikamweleza kama fundi anavyomweleza mtu anayetaka kujua.

"Kuna njia mbili, bosi. Ya kwanza, tunapunguza. Pampu inabaki, naubana mpito wa mafuta, msaada unakuwa mdogo. Usukani unapata uzito, unausikia, na ukiuchoka nakurudishia siku hiyohiyo. Ya pili ni kuondoa kabisa. Pampu, mkanda, paipu, vyote nje. Hiyo siyo ya mchezo. Barabarani ukiwa na mwendo ni tamu, lakini pale pa kugeuza gari taratibu utatoka jasho."

Halafu akauliza, "Ukipunguza tu, hata mtu mwenye bega bovu ataweza kuuzungusha?"

Nilidhani anamjali mtu. "Ataweza," nikamjibu. "Atalalamika wakati wa kuegesha, lakini ataweza."

Akageuza uso kutazama malori yaliyoegeshwa ng'ambo ya barabara.

"Basi ondoa kabisa," akasema.

Sitaki kusema uongo hapa. Maneno yale yaligoma kupita. Yalikaa kama kokoto ndani ya kiatu, na mimi nikaendelea kutembea nayo. Nilikuwa nimeshaanza kuiwaza kazi yenyewe, bolti gani ianze na ipi ifuate. Sikumuuliza mwenye bega bovu ni nani. Kadi ya gari sikuiomba. Nikafungua boneti.

Kazi ilinichukua siku mbili. Mafundi wengi hukata mkanda tu wakasema wametoa pawa, kumbe mafuta yanabaki ndani ya mtambo na kila ukizungusha unasukumana nayo, usukani unakuwa mzito mara mbili ya unavyostahili. Mimi niliushusha mtambo wote mezani. Nikamwaga mafuta, nikatoa sili ya ndani ili kusiwe na kinachobana, nikapaka grisi mpya, nikaziba matundu kwa bolti nilizozichonga mwenyewe. Verediana, mke wangu, aliniletea chakula mchana akakuta nimeinamia meza nikiimba. Akacheka. Alisema hajanisikia nikiimba gerejini tangu tulipooana.

Alhamisi Projestus akaja kulichukua. Tulilijaribu pamoja kuelekea Nyakahura. Kwenye mwendo gari lilikuwa jingine kabisa, likitii kama linasoma mawazo yako. Projestus alisema "safi" mara moja tu, bila furaha niliyoitegemea. Tulipoegesha nikampa maelekezo, kwa sababu gari la namna hiyo lina adabu zake.

"Usizungushe usukani gari likiwa limesimama. Liache lisogee kwanza, hata nusu mita, ndipo uzungushe. Mikono yote miwili. Na ukitoka kwenye kusimama ukitaka kukata kona, anza mapema, nenda polepole. Mtu mwingine yeyote atakayeliendesha, mwambie hivyo kabla hajawasha."

"Nitamwambia."

Kisha akataka nimfungie pampu na paipu na mkanda kwenye kiroba. Kwa kawaida mteja huniachia vyuma vya zamani. Nikamfungia, akavitupa nyuma ya kiti, akaondoka.

Jumamosi asubuhi nilikuwa chini ya lori la mchele, miguu tu ndiyo iko nje, nikasikia injini ndogo inapunguza mwendo njiapanda. Nikatoa kichwa. Kigari cha bluu kilikuwa kimesimama nyuma ya basi. Basi liliposogea nacho kikatoka, na kona ya kuelekea Biharamulo kikaichukua vibaya, kikapanuka mpaka upande usio wake ndipo kikarudi. Pikipiki iliyokuwa inakuja ilitoka nje ya lami kumpisha.

Nikasema moyoni, huyu hajaambiwa.

Nilijitoa chini ya lori nikanyoosha mkono, lakini gari lilikuwa limeshakwenda. Basi nikajiambia nitamsubiri akirudi. Siku nzima nilifanya kazi masikio yakiwa barabarani. Nilipanga hata maneno: mama, au dada, sikujua nimwite nani, gari lako limebadilishwa, ngoja nikuonyeshe linavyoshikwa.

Saa kumi jioni lilirudi. Liliposimama pale njiapanda likisubiri kukata kulia kurudi upande wa Rusumo, mimi nilikuwa nimeshatoka gerejini natembea kulielekea, kitambaa cha mafuta mkononi. Zilibaki hatua ishirini labda. Lori la mafuta kutoka upande wa Nyakanazi lilipunguza mwendo kwenye tuta, yule mwanamke akaona nafasi, akaondoa gari.

Nilimwona kupitia kioo. Mkono wa kulia ulikuwa unavuta usukani kwa nguvu zote, na ule wa kushoto umekwama, kiwiko kimebanwa ubavuni, haupandi. Akaegemeza kifua chake juu ya usukani ili uzito wa mwili umsaidie. Gari likageuka robo ya kona tu. Likavuka barabara moja kwa moja, likafunga breki kwenye changarawe, likateleza mpaka palipokuwa na wauzaji.

Wengine waliruka. Irambona hakuwahi. Ni mama wa miaka sitini na kitu, ambaye wazazi wake walimbeba kutoka Burundi akiwa mtoto, na sasa ana wajukuu hapahapa. Kila jioni huchoma muhogo pale kando ya barabara. Bampa ilipiga meza, meza ikampiga yeye, mguu ukakunjika chini yake. Mkaa wa jiko ulitapakaa mpaka kwenye matairi.

Mwanamke akatoka ndani ya gari ameshika bega lake la kushoto. "Limekataa!" alikuwa analia. "Limekataa kugeuka! Jamani, limekataa!"

"Hawa wanawake na magari ya kuringia," akasema mtu nyuma yangu.

Tulimbeba Irambona tukampakia kwenye gari la mradi lililokuwa linapita, akapelekwa hospitali Biharamulo. Trafiki alikuja baadaye kidogo, koplo aitwaye Erasmus, mtu mpole asiyependa kelele. Akapima alama za matairi, akaketi kwenye gari, akazungusha usukani huku na huku. Uso ukamkunjika.

"Mzito huu," alisema. "Lakini hakijavunjika kitu." Akatutazama tuliokuwa tumezunguka. "Kuna fundi hapa anayelijua gari hili?"

Kitambaa cha mafuta kilikuwa bado mkononi mwangu. Nilikuwa mbele kabisa. Yule mwanamke hakunijua; macho yake yalinipita kama yalivyowapita wengine.

Nikanyamaza.

Jumapili baada ya misa nilimwambia Verediana kila kitu. Alisikiliza huku anachambua maharage kwenye ungo, na alipomaliza kusikiliza hakuacha kuchambua.

"Anaitwa Tecla," alisema. "Mwalimu wa sekondari kule kwao Benaco. Baba yake, Mzee Kazimili, yuko Biharamulo, macho yamemwishia, haoni tena. Huyo binti ndiye anayekwenda kumfulia na kumpikia chakula cha wiki. Anasali na sisi Jumapili ikimkuta huku. Hukuwahi kumwona?"

"Sikuwahi."

"Bega liliharibika alipoangushwa na bodaboda mwaka juzi. Ndiyo maana alitafuta gari lenye usukani mwepesi na gia ya kujibadilisha yenyewe. Lilikuwa limekaa yadi ya Mwanza, hakuna anayelitaka kwa sababu lina viti viwili. Akalinunua yeye."

"Yeye?"

"Yeye. Mumewe alikasirika hata kabla halijafika."

Verediana akamimina maharage kwenye sufuria.

"Sasa usiende kujitia kwenye ugomvi wa nyumba ya watu, Venance. Wewe una watoto. Wakijua ulibadilisha gari bila kibali chochote wataifunga gereji. Mguu wa Irambona utapona hata kama umenyamaza."

Alisema hivyo, lakini sikumwona akiyaamini maneno yake. Alinipa kisogo upesi.

Jumatatu Projestus alikuja kwa bodaboda. Hakuketi. Alisimama karibu na meza ileile niliyofanyia kazi, akaongea kwa sauti ya chini, taratibu, kama mtu anayesoma karatasi za mizigo.

"Fundi, mimi na wewe hatujuani. Umenielewa? Wamemwandikia uzembe barabarani. Leseni yake itasimamishwa. Mgonjwa nitamhudumia mimi, asiwe na wasiwasi. Mke wangu atapumzika nyumbani, na mambo yatakwisha."

"Ulimwambia asizungushe gari likiwa limesimama?"

Aligeuka kuangalia bodaboda yake.

"Bwana Projestus, nilikupa maelekezo. Ulimwambia?"

"Kila Jumamosi," akasema. "Kila Jumamosi Biharamulo. Sawa, mzee haoni. Ndugu zake wengine wako wapi? Mimi naamka nakuta chai kwenye chupa na mtu ameshaondoka. Benaco yote wanamwona anapita na kigari chake, ananiacha nakunywa chai peke yangu. Nilimwambia apunguze, akasema baba ni wake na gari ni lake." Akashika ukingo wa meza. "Sikutaka aumie mtu. Naapa kwa Mungu. Nilitaka achoke tu. Achoke mwenyewe, aliache."

Nilimtazama yule bwana mwenye shati la pasi. Nilitaka kumchukia, na nilimchukia, lakini chuki yangu haikufika mbali kwa sababu kila ilipokwenda ilinikuta mimi nimesimama na spana.

"Pampu iko wapi?" nikamuuliza.

"Iko mtoni, kule Rusumo. Chini ya maporomoko."

Akapanda bodaboda yake akaondoka.

Siku iliyofuata nilifunga gereji nikaenda hospitali kumwona Irambona. Walikuwa wamemtia vyuma mguuni, mguu umeinuliwa juu, na mjukuu wake wa kike, Diane, anamlisha uji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na gari gani? Na kazi umemwachia nani?"

Nikamwambia nimepanda basi. Nikamuuliza maumivu, akasema usiku ni mabaya, mchana afadhali. Halafu bila mimi kuuliza akaanza kusema juu ya yule mwalimu.

"Watu wanasema ananiomba msamaha kila siku, anatuma ujumbe. Mimi sina neno naye. Nilimwona uso, Venance. Wengine walikuwa wanakimbia, mimi miguu ya kukimbia sina, kwa hiyo nikabaki namtazama. Alikuwa anapigana na lile gurudumu la mikononi kama mtu anayefungua mlango wa nyumba inayoungua. Mtu mzembe hana uso ule." Diane akampangusa kidevu. "Gari lilikuwa na kitu. Wewe ni fundi. Hukuliona?"

"Nililiona, mama."

"Basi kwa nini trafiki hajui?"

Sikuweza kukaa pale. Nilimwacha na ndizi nilizomletea, nikatoka, nikatembea kwa miguu mpaka kituo cha polisi cha wilaya. Mlangoni nilisimama muda mrefu kiasi kwamba askari wa zamu aliniuliza kama nimepotea.

Koplo Erasmus hakuwepo, nikaambiwa nirudi kesho yake saa nne, kwa sababu wenye kesi nao wameitwa saa hiyo. Nikalala kwa shemeji yangu. Kesho yake nilipoingia niliwakuta wote wawili kwenye benchi: Projestus upande mmoja, Tecla upande mwingine, mkono wake umetundikwa kwenye kitambaa, na nafasi ya mtu wa tatu katikati yao. Projestus aliponiona alisimama, kisha akaketi tena.

Nilisema yote mbele yao. Nilisema nani alileta gari, siku gani, nini nilitoa na jinsi nilivyokitoa. Nilisema kwamba nilimpa njia nyepesi akaikataa. Nilipofika kwenye lile swali la bega, Koplo Erasmus aliinua kalamu akasubiri. Nikalisema nalo.

Tecla hakulia. Aligeuka akamtazama mume wake muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Kwa hiyo si mimi," alisema. "Siku nne nasema labda ni mimi. Labda nimesahau kuendesha."

"Tecla, twende tukazungumze nyumbani."

Koplo Erasmus aliinua mkono. Alikuwa na kadi ya gari mezani.

"Mwenye gari ni nani?"

"Ni mke wangu," akasema Projestus.

"Sijauliza ni mke wa nani. Nimeuliza gari ni la nani."

"Langu," akasema Tecla.

"Uliruhusu libadilishwe?"

"Sikuulizwa. Niliambiwa limepelekwa kumwaga oili."

Erasmus akanigeukia. "Na wewe fundi, kadi uliiona kabla ya kufungua boneti?"

"Hapana, afande."

"Kwa nini?"

"Sikuiomba."

Aliandika jibu hilo kama lilivyo, na lilionekana dogo sana kwenye karatasi.

Mambo yalikwenda hivi. Shitaka la mwalimu lilifutwa. La Projestus lilifika mahakamani, akakutwa na hatia, akapewa adhabu pamoja na amri ya kugharamia matibabu ya Irambona mpaka atakapotembea. Nasikia aliacha kazi ya mpakani akahamia kwa kaka yake Kahama. Mimi nilipigwa faini na gereji ikafungwa kwa miezi miwili, lori moja moja nikatengeneza kwa watu, chini ya miti, kama kibarua. Verediana hakunilaumu hata siku moja. Alianza kusema "twende" badala ya "nenda" kila nilipokuwa na safari ya kumwona Irambona.

Irambona alirudi barabarani mwezi wa sita. Anatembea na fimbo, mguu mmoja umekuwa mfupi kidogo kuliko mwingine. Amehamisha meza yake mbali na njiapanda, mahali ambapo wateja ni wachache. Nilimchongea kiti cha chuma chenye mahali pa kuegemezea mguu. Anakikalia. Hakuniambia asante wala sikuitarajia. Alisema tu kwamba kinapata moto juani, nikakivalisha mkeka.

Siku chache baada ya gereji kufunguliwa, lile gari la bluu lilifika likiwa limevutwa kwa kamba na pikapu. Tecla alishuka kwenye pikapu. Alikuwa amekonda. Alikuwa amehamia kwa baba yake, na uhamisho wa shule nao umekubaliwa.

"Fundi."

"Karibu, mwalimu. Pole na—"

"Lirudishe lilivyokuwa."

"Ungeweza kulipeleka Mwanza. Kule kuna mafundi..."

"Wewe ndiye unayejua ulitoa nini," akasema, na akarudi kwenye pikapu.

Kutoa kulinichukua siku mbili. Kurudisha kulinichukua wiki tano. Pampu ilikuwa mtoni, na mtambo niliokuwa nimeutoa sili kwa ustadi mkubwa haukufaa tena kushika mafuta. Kazi safi niliyoifanya ilihakikisha hakuna njia fupi ya kuitengua. Nilikwenda Mwanza mara mbili nikichambua magari yaliyokatwa, mara ya pili nikapata gari la aina ileile lililogongwa nyuma. Nikafungua mwenyewe palepale kwenye jua. Nilifunga, mafuta yakavuja, nikafungua, nikafunga upya. Sikuimba.

Alipokuja kulichukua nilimwomba tulijaribu pamoja, maana sikutaka kumkabidhi kitu bila yeye mwenyewe kukishika. Aliketi kwenye usukani, mimi pembeni, magoti yamenifika kifuani. Akawasha. Akazungusha usukani kwa mkono wa kulia, gari limesimama, kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Akajaribu kwa ule wa kushoto. Ulikwenda. Nilimsikia akitoa pumzi.

Tukashika barabara ya Biharamulo. Aliendesha vizuri kuliko wanaume wengi ninaowajua, mapema kwenye kona, mpole kwenye breki. Tulipita nyumba za mwisho tukaingia penye miti.

"Nilisoma maelezo yako ya polisi," akasema hatimaye. "Umesema alikuuliza juu ya mtu mwenye bega bovu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na ulikuwa ukiliona gari hili likipita kila Jumamosi."

"Ndiyo."

"Ulijua anayeliendesha ni mwanamke."

"Nilijua."

"Sasa alipokuuliza vile, halafu akasema ondoa kabisa, ulidhani anamsema nani?"

Nilitafuta jibu la kumpa. Yalikuwepo majibu, hata mazuri. Nilimtazama mkono wake wa kushoto ukiwa umelala juu ya usukani bila kazi, kovu la upasuaji linachungulia kwenye shingo ya gauni.

"Sikutaka kudhani," nikasema. "Nilitaka kuifanya kazi ile."

Akatikisa kichwa taratibu, si kwa kukataa, kama mwalimu aliyepata jibu alilolijua. Akawasha taa ya pembeni, akasogeza gari nje ya lami, akasimama.

"Shuka hapa."

Nikashuka. Nilifunga mlango kwa uangalifu, kwa sababu mlango wa gari lile ni mwepesi. Hakuondoka mara moja. Alinyoosha mkono akarekebisha kioo cha pembeni nilichokuwa nimekigusa kwa bega, kisha akaingia barabarani akaenda zake kwa baba yake.

Kurudi Lusahunga ni mwendo wa saa nzima na nusu kwa miguu. Malori mawili yalipunguza mwendo madereva wakaniita kwa jina wakitaka kunibeba, nikawapungia wapite. Nilipofika gerejini, Verediana alikuwa ameketi mlangoni na chakula kimefunikwa. Alitazama viatu vyangu, halafu barabara nyuma yangu.

"Gari liko sawa?" akauliza.

"Liko sawa," nikasema, nikaenda kunawa mikono.